Vikombe Vinne vya Uongo

Wale mlioniacha juma lililopita nimelala chali chini ya meza ya jikoni, bisibisi mkononi na tochi mdomoni, nawashukuru kwa kurudi. Bado niko hapo hapo.

Kwa aliyeingia leo nitafupisha, maana shingo inaniuma.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi inayopima viwanja na kuchora ramani. Ofisi ina ghorofa tatu, lifti iliyokufa, na birika moja tu la kahawa, ambalo liko jikoni, chini kabisa. Mtu anashuka ngazi zote na kikombe, anakuta birika tupu, anapanda na kikombe na hasira. Siku hayo yalipomkuta Meneja mara tatu, aliniita akaniambia haiwezekani kampuni inayojua mpaka wa kila shamba ishindwe kujua kama kahawa ipo.

Nikatengeneza mtambo. Nilifunga mizani ya vifurushi chini ya birika, nikapitisha waya kando ya ngazi, na kwenye kona ya kila kompyuta nikaweka picha ya kikombe. Kikiwa kijani, kahawa ipo. Kikiwa chekundu, imekwisha. Pembeni kuna namba ya vikombe vilivyobaki. Watu wakanipigia makofi. Wananiita Injinia tangu siku ya kwanza, kwa kejeli, lakini juma lile kejeli ilipungua.

Kisha mambo yakaharibika. Zamani kila mtu alishuka kwa wakati wake. Sasa kijani ikiwaka, ghorofa tatu zinashuka pamoja. Birika linakauka kabla Meneja hajaviona viatu vyake, ambavyo huvivua chini ya meza akifanya kazi. Kutwa nzima ni nyekundu. Kahawa ni ile ile, wanywaji ni wale wale, lakini sasa kila mtu anaiona nyekundu kwa macho yake, akiwa amekaa, na mtu aliyekaa ana nafasi ya kulaumu.

Lawama zikashuka jikoni, kwa Mama Birika, mama mtu mzima aliyepika kahawa ya ofisi ile tangu Meneja akiwa karani. Afisa utumishi wetu, ambaye kwa sababu zinazoeleweka tunamwita Kanuni, aliniita chemba. Akanieleza kwamba Ijumaa atautazama mtambo asubuhi hadi jioni. Ukiwa mwekundu, Mama Birika atapumzishwa na italetwa mashine ya kubonyeza. Kazi yangu ni kuleta ushahidi.

Mama Birika ni mama mkwe wangu.

Ofisini hakuna anayejua. Niliajiriwa kwanza, nikapenda baadaye. Binti yake alikuja siku moja kumletea miwani aliyoisahau nyumbani, akapotea njia, akaingia chumba changu cha mashine. Sikumwelekeza jikoni haraka kama inavyotakiwa. Tulipofunga ndoa niliomba ruhusa ofisini nikisema naenda kumuuguza mjomba, kwa sababu kanuni moja ya Kanuni inasema ndugu, hata wa ndoa, hawafanyi kazi chini ya paa moja. Mmoja lazima aondoke.

Siku ile ya ndoa mama mkwe alinivuta pembeni. Alisema maneno machache.

"Mimi sisemi uongo, mwanangu. Wasiponiuliza, sitasema. Wakiniuliza, nitajibu."

Basi tukaishi kwa kutoulizwa. Asubuhi tunatoka nyumba moja, yeye anatangulia, mimi nafuata baada ya kufunga kamba za viatu mara mbili. Nyumbani namwita Mama. Ofisini namwita Mama Birika kama wote, na hilo neno la pili nalitamka kwa nguvu, ulimi usije ukateleza. Yeye ananiita bwana kompyuta.

Sasa turudi chini ya meza.

Mizani yangu ina skrubu ndogo ya kurekebishia, inayofikika kwa chini tu, kupitia tundu nililotoboa mwenyewe. Ukiikaza, mizani inahesabu kitu ambacho hakipo. Alhamisi ile niliikaza. Nilikuwa nimeweka simu kifuani nikitazama namba. Vikombe vinane vikawa tisa, vikawa kumi, vikafika kumi na mbili. Nikaona vikombe vinne vya uongo vinatosha kumwokoa mama wa watu, kwa kuwa hata birika likikauka kabisa, kompyuta zote zitaamini vimebaki vinne, na kijani haitazimika.

Hapo nikaona miguu.

Raba nyeupe, zilizofuliwa, kamba zimefungwa kwa mafundo mawili. Miguu ile naijua. Kila asubuhi inatoka bafuni kabla yangu.

Sikuweza kusema kitu, kwanza kwa sababu ya tochi mdomoni, pili kwa sababu dada wa mapokezi alikuwa kwenye sinki akisuuza kikombe chake taratibu. Dada yule anasuuza taratibu pale tu panapokuwa na kitu cha kusikiliza.

"Bwana kompyuta," mama mkwe alisema, "ukitoka huko unitolee na kijiko. Kiliangukia huko jana."

Nikatoka na kijiko. Yeye alikuwa amesimama mbele ya kijiskrini cha jikoni, anasoma ile namba. Alikuwa ametia vikombe vinane kwenye birika kwa mkono wake mwenyewe dakika chache kabla, na sasa skrini inamwambia kumi na mbili. Alitazama namba, akalitazama birika, akanitazama mimi. Kisha akachukua kijiko chake, akakifuta kwa aproni, akageukia masufuria.

Nilipanda ngazi nikijiambia kwamba hajaelewa. Kuna watu hujifariji kwa dini, wengine kwa soka. Mimi siku hiyo nilijifariji kwa hilo.

Nyumbani jioni tulikula sote mezani kama kawaida, mimi, mke wangu na mama yake. Nyumba ni yake, chumba ni chetu, na sheria ya nyumba ni moja: mambo ya ofisini hayavuki kizingiti. Sheria hiyo aliiweka ili tusijisahau tukaanza kuzungumza kama ndugu mahali pasipofaa. Kwa hiyo watu wawili waliokuwa na jambo moja tu kichwani walizungumza juu ya bomba la bafuni linalovuja. Mwisho kikabaki kipande kimoja cha nyama kwenye bakuli. Mama akakisukuma upande wangu, kama afanyavyo siku zote. Nikasema nimeshiba. Akakisukuma tena, bila kunitazama, na ukishasukumiwa mara ya pili na mkwe wako hakuna mjadala. Nikala.

Chumbani mke wangu alikuwa na lake. Ana mimba kubwa, analala kwa ubavu mmoja, na hasira zake siku hizi zinatoka zikiwa zimefupishwa. Nilikuwa nimemwambia habari ya Ijumaa, ya skrubu sikumwambia, maana mwanamke huyu hajawahi kumficha mama yake kitu tangu azaliwe. Akanikumbusha kwamba huu ndio mwaka wa mwisho wa mama yake kabla ya kustaafu. Akiondolewa sasa, anatoka kama mtu aliyefumaniwa, baada ya miaka yote ile.

"Mama akifukuzwa kwa ajili ya huo mtambo wako," akasema, "utahamia na kulala nao."

Nilitafuta jezi yangu ya njano ili nilalie, ile ya timu ya ofisi, yenye neno INJINIA mgongoni. Niliivaa mechi moja tu, nikajifunga bao mwenyewe, na ofisi nzima haijawahi kuisahau. Haikuwepo kabatini. Mke wangu akasema Mama aliiomba kushonea vitambaa vya jikoni. Iliniuma kidogo. Nilimwambia mambo kama hayo mtu huulizwa. Akaniuliza kama nataka kwenda kumdai mama mkwe jezi usiku ule. Nikalala na shati.

Ijumaa nilikata shauri kutokukanyaga jikoni. Nilijifungia chumba changu cha mashine nikitazama kikombe kwenye kona ya kompyuta. Birika la asubuhi likikaribia kuwa tayari, nilitarajia namba kumi na sita. Birika letu linachukua vikombe kumi na viwili, ongeza vinne vya uongo. Nilishaandaa na maelezo, kitu kuhusu hali ya hewa.

Skrini ikasoma ishirini na tatu.

Nikafuta kioo kwa mkono. Ishirini na tatu. Nilikuwa nimedanganya kwa vikombe vinne na mtambo ukanidanganya kwa vingine saba. Sijui kama kuna fundi mwingine duniani aliyewahi kupitwa uongo na mashine yake mwenyewe.

Ghorofa tatu zikashuka. Nilizisikia ngazi. Namba ikaporomoka, ishirini, kumi na tano, ikafika kumi na moja, ikagoma hapo. Kijani imekolea kabisa. Mara nikasikia watu wakipanda polepole, na mlango wangu ukafunguliwa. Alikuwa dada wa mapokezi, kikombe kitupu mkononi. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, kwa upole, kama hivyo vikombe kumi na moja vinapatikana upande gani wa birika.

Nilimwambia mtambo unajipanga. Akasema sawa, naye atajipanga.

Nusu saa baadaye Meneja alishuka na viatu vyake vyote viwili miguuni, jambo ambalo si la kawaida, na Kanuni nyuma yake na faili. Wakanichukua njiani. Nikajikaza kisabuni nikafuata. Nilikuwa namwomba Mungu jambo moja dogo, kwamba chochote tutakachokikuta huko kiwe kosa langu, kisiwe lake.

Jikoni mama mkwe alikuwa akifuta vikombe. Alisalimia kwa heshima zake zote. Dada wa mapokezi alikuwa kwenye sinki, akisuuza.

Meneja alisoma kijiskrini. Vikombe kumi na moja. Akalinyanyua birika, na mkono wake ukapanda juu haraka kuliko alivyokusudia, kama mtu anayenyanyua sanduku analodhani lina nguo. Lilikuwa tupu. Akalitikisa. Akalifunua. Akalifunika. Akakitazama tena kijiskrini, ambacho sasa hakikuwa na birika lolote juu ya mizani yake.

"Sita," alisoma. "Bila birika."

Kanuni alikuwa na macho ya watu wa kanuni, yanayoona kilichozidi. Juu ya mizani palikuwa na kikalio cha birika, cha kitambaa cha njano, mraba, kimeshonwa vizuri pande zote, cha kuzuia meza isiungue. Kila aliyechukua kahawa asubuhi ile alikiona akadhani ni usafi wa Mama Birika. Kanuni akakishika kwa vidole viwili. Hakikuinuka. Akakishika kwa mkono mzima.

Kijiskrini kikaporomoka.

Alichukua mkasi wa jikoni, akakata uzi pembeni, na ndani kikatoka kigae cha sakafuni. Kigae kizito, cha rangi ya majani makavu. Nilikitambua mara moja. Ni masalio ya bafu letu.

"Nani ameweka kitu hiki hapa?" Kanuni aliuliza.

"Mimi," nilisema.

"Mimi," alisema mama mkwe.

Tulisema kwa pamoja kabisa, kama watoto wa shule wanaoitikia jina. Bomba la sinki likafungwa.

Meneja alitutazama kwa zamu. Akasema hajawahi kuona kosa moja likigombewa. Mimi nikaendelea kusema ni mimi, bila kuwa na habari yoyote ya kile ninachokiri, nikataja mambo ya majaribio na uzito wa kulinganisha. Mama mkwe aliniacha nimalize. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mtoto wa watu anasema tu," alisema. "Nimekishona mimi. Meneja, juzi ulipokuwa ukizungumza na simu hapo mlangoni nilikusikia ukisema mtambo unaoonyesha nyekundu tu ni mtambo mbovu, na aliyeutengeneza aondoke nao. Nikaona, basi, na uwe kijani."

Kumbe siku zote hizi yeye alijua nusu na mimi najua nusu. Mimi naambiwa nyekundu itamfukuza yeye, yeye anasikia nyekundu itanifukuza mimi. Tumekula meza moja, tumejadili bomba la bafuni mpaka likaisha, na kila mmoja ameficha wokovu wake mfukoni. Tungevunja ile sheria ya kizingiti kwa sentensi moja tu, tusingekuwa jikoni pale.

Meneja alionekana kuguswa. Alikohoa. Naamini angetusamehe wote wawili na kurudi kuvua viatu vyake, kama Kanuni asingekuwa ameshika kile kitambaa. Alikuwa akikikunjua ili akiweke kwenye faili. Mama alikuwa amekishona ndani nje. Kikakunjuka upande wa pili, na herufi nyeusi zikatokea moja baada ya nyingine mpaka neno likatimia.

Dada wa mapokezi alilisoma kwa sauti, japo hakuna aliyemwomba.

"Injinia."

Kila mtu aliikumbuka jezi ile. Kila mtu alilikumbuka na lile bao. Kanuni akaniuliza kama hii si nguo yangu. Nikasema inafanana. Akauliza imefikaje mikononi mwa mama wa jikoni. Nikajitia hamnazo, nikasema huenda niliisahau mahali. Akauliza mahali gani ambapo mwanamume husahau nguo yake, na Mama Birika akaiokota. Niliona macho ya dada wa mapokezi yakipanuka, na nikaelewa kwamba mpaka saa ya chakula cha mchana ofisi nzima itakuwa na jibu, na litakuwa jibu baya kuliko la kweli.

Meneja aliligeuza swali. Hakuwa mkali, alilisema kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Mama, huyu kijana ni nani kwako?"

Nilimtazama. Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza. Nilitaka kuangusha kitu, nilitaka kuzimia, nikatafuta hata chafya. Yeye alikunja kitambaa chake cha kufutia vikombe, akakiweka begani.

"Ni mkwe wangu. Amemuoa binti yangu, na mwezi huu nangoja mjukuu."

Kanuni alilifungua faili kwa upole, kama mtu anayefungua kitabu cha dua. Alisoma kifungu. Ndugu, hata wa ndoa, hawafanyi kazi chini ya paa moja. Mmoja ataondoka, leo, na uongozi utaamua ni yupi.

Nikasema naondoka mimi. Nilimaanisha. Nilisema mimi ni kijana, ninayo mikono, kompyuta hazijaisha duniani. Mama mkwe akasema anaondoka yeye. Amechoka na ngazi, mjukuu anakuja, na hakuna mtoto anayekula staha ya bibi yake, anakula kazi ya baba yake. Nikasema hapana. Akasema ndiyo. Nikamwambia amebakiza mwaka mmoja tu, autimize akaagwe kwa heshima zake. Akaniambia nisimfundishe kuhesabu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kugombana, na tulikuwa tukigombana mbele ya watu juu ya nani afukuzwe.

Meneja alishika kichwa. Yeye ni mtu mwema ambaye hapendi kuamua. Akalitazama birika, akaitazama mizani, na nikaona wazo likimwingia. Mawazo ya Meneja huwa nayaogopa, maana mtambo huu nao ulianza hivyo.

"Ulioleta maneno ni mtambo," alisema. "Basi na uyamalize wenyewe. Mama, pika birika jipya, lijae, vikombe kumi na viwili. Tutaliweka juu ya mizani bila kigae wala kikalio. Ukisoma sawasawa, mtambo ni mzima, tunamhitaji fundi wake, na Mama atatusamehe. Ukikosea hata kikombe, mtambo ni mbovu, aondoke Injinia, Mama abaki."

Kanuni akasema jambo hilo halimo kwenye vifungu. Meneja akamwambia aliingize.

Ndugu msomaji, moyo wangu ulitulia ghafla. Mimi peke yangu nilijua kuhusu skrubu. Iko pale chini, imekazwa, ina vikombe vyake vinne vya uongo. Birika likijaa, skrini itasoma kumi na sita. Mtambo utaonekana mbovu, nitaondoka, Mama atabaki na mwaka wake. Sikuitaja skrubu, maana hakuna aliyeniuliza. Nilijifunza hilo kwake.

Nilikuwa na huzuni, sikatai. Niliuona uso wa mke wangu na mimba yake, nikajiona nikizunguka na bahasha yangu ya vyeti mlango hadi mlango. Lakini ilikuwa huzuni nyepesi, ya mtu aliyelipata jambo sahihi la kufanya bila kulitafuta.

Mama mkwe akapika. Alitupa mgongo, na mgongo wake ni mpana, jiko lote likawa nyuma yake. Tulisikia maji yakichemka, tukasikia kahawa ikiingia kwenye birika. Harufu ikapanda ngazi, na watu wa juu wakaanza kuchungulia. Birika letu ni la chuma, halionyeshi kilichomo. Akafunga kifuniko, akalibeba kwa mikono miwili kama lililojaa mpaka shingoni, akalitua juu ya mizani polepole.

Namba ikapanda. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa, uso wangu wa kuaga nimeshauvaa.

"Kumi na mbili," Meneja alisoma.

Nikainua kichwa.

Kumi na mbili. Haikutetereka. Watu wa ngazini wakapiga makofi, mmoja akaniita Injinia, na safari hii hapakuwa na kejeli hata chembe. Meneja alinipiga bega akasema alijua tangu mwanzo kwamba mtambo ni mzima. Kanuni akaandika.

Mimi nilikuwa nahesabu. Kumi na mbili, toa vinne vya uongo, unabaki na vinane. Vinane, kama Alhamisi. Nikakumbuka zile raba nyeupe zimesimama mbele ya kijiskrini, na macho yake yakitoka kwenye namba yakija kwangu, na kijiko akikifuta. Alikuwa ameelewa. Alielewa yote pale pale, akayaweka moyoni kama anavyoweka kila kitu, akaongeza na kigae chake kwa hofu kwamba vinne vyangu havitoshi, na leo ametia vikombe vinane kwenye birika la kumi na viwili ili mimi nibaki.

Mama mkwe wangu hasemi uongo. Hakusema hata leo. Aliambiwa apike, akapika, na hakuna mtu katika jiko lile aliyemuuliza ametia vikombe vingapi.

Alikuwa ameshaanza kufungua aproni. Fundo la nyuma lilikuwa limekaza, akilitafuta kwa vidole bila kuliona, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu wote walikuwa wanampongeza fundi. Nilimpenda mama yule kwa kiasi ambacho sikuwahi kumwambia, na nilimkasirikia kwa kiasi hicho hicho. Akaniona namtazama. Akanipa yale macho ya mezani, ya kipande cha mwisho cha nyama, akikisukuma upande wangu kwa mara ya pili.

Nikinyamaza, nina kazi, mwanangu atazaliwa na baba mwenye kazi, na mke wangu hatajua kamwe. Nikiuliza, atajibu. Akiulizwa hujibu, na watu wote wataifunua kahawa ile na kuihesabu.

"Mama," nikasema, na lile neno la pili sikulitia. Makofi yakapungua. Meneja akageuka, na Kanuni akainua kalamu.

"Mama, nina swali moja tu."

Vidole vyake vikaliacha fundo la aproni. Akalisogelea birika, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akanitazama moja kwa moja, akangoja nimalize.